Nyanzala na Mzazi wa Kwenye Kioo

Nyanzala alikuwa amefunga kibegi chake tangu Jumapili. Jumamosi angerudi Magamba kwenye nyumba yake, ingawa zizi la huko halikuwa tena na hata ndama mmoja. Mwanawe Malale alikuwa amemchukua akae naye mjini, Makanyagio, na mkewe Annonciata alimtunza vizuri mno. Hilo ndilo lililomuuma. Alipikiwa, akafuliwa, akaambiwa apumzike. Mwanamke aliyeswaga ng'ombe kutoka Usukuma mpaka Katavi, Malale akiwa mgongoni, apumzike nini?

Wale samaki ndio waliomchosha kabisa. Malale ni fundi majokofu. Kila akienda Kapalamsenga, kando ya ziwa, kutengeneza ya wavuvi, hurudi na samaki hai wawili watatu kwenye ndoo, akawatia kwenye tangi la kioo sebuleni. Hawaliwi, hawauzwi, hawakamuliwi. Nyanzala aliwaita wageni wasioaga. Mmoja tu ndiye aliyemhurumia, jike mwenye mistari, tangu Annonciata alipomweleza kwamba amebeba watoto mdomoni, na wiki ya tatu sasa hajala kitu asije akawameza. Nyanzala alikitazama kile kidevu kilichovimba kila alipopita sebuleni.

Alhamisi asubuhi umeme ulikatika, na pampu iliyokuwa ikitoa mapovu ikanyamaza. Malale alikuwa ziwani. Kufika saa sita samaki wote walikuwa wamepanda juu, wanahema midomo wazi, isipokuwa yule jike aliyeubana wake. Malale alipopatikana kwenye simu alisema wasiwape chakula. Wachote maji kwa kikombe na kuyamimina kutoka juu ili yapate hewa. Jike akizidiwa, alisema, atawatema watoto, na wenzake watawala.

Annonciata akachota, akamimina. Nyanzala aliona ule ni mchezo wa kupoza chai. Maji yanataka hewa? Basi yasukwe kama maziwa. Alikwenda kwenye kibegi, akafungua fundo, akatoa kibuyu chake cha kusukia maziwa.

"Mama, hicho kina mafuta," Annonciata alisema taratibu. "Yatatanda juu ya maji, wafe."

Ilimchoma, maana kibuyu kile ndicho kitu pekee kilichombakia cha ng'ombe wake. Lakini mkwe hakuwa amemkataa yeye. Alikwisha kwenda kusuuza kidumu cha lita tano, akakijaza nusu maji ya tangini, akamwekea mapajani.

Hapo mikono ikakumbuka kazi. Nyanzala alisuka mbele na nyuma, mbele na nyuma, kwa mwendo uleule wa kutoa siagi, akiimba kwa sauti ya chini. Maji yalitoka humo yamejaa mapovu. Annonciata akayarudisha tangini na kumchotea mengine. Wakaenda hivyo mchana kutwa. Mabega yalipoanza kuwaka na mkwe akataka kumpokea, alikataa, akasema maziwa yakibadilishwa mikono hayatoi siagi. Samaki wadogo wawili walikufa, na Nyanzala akasikitika kweli, yeye aliyekuwa akiwasimanga. Yule jike aliendelea kufumba mdomo.

Umeme ulirudi saa kumi. Pampu ilianza kutoa mapovu, lakini Nyanzala alikimaliza kwanza kidumu alichokuwa amekishika.

Jumamosi asubuhi Malale alikuwa amesharudi nyumbani. Walikuwa wanakunywa chai pale jike alipofungua mdomo. Watoto kumi na mmoja wakatoka, kila mmoja kama punje ya mchele. Malale aliposogea kuwatazama, wote wakakimbilia tena mdomoni kwa mama yao. Nyanzala alicheka mpaka machozi yakamtoka. Alimkumbuka huyuhuyu Malale njiani kutoka Usukuma, alivyokuwa akijificha ndani ya kanga kila ng'ombe walipolia. Alimpenda yule samaki, na hakuona haya.

Jua lilipopanda, Malale aliuliza kwa kusitasita, akimwita kama mama anavyoitwa kwao.

"Mayu, nikuitie bodaboda?"

"Ya kwenda wapi? Mzazi hajatimiza arobaini, nimwache na nani?"

Malale alimgeukia mkewe. Annonciata alikuwa amekwisha kuinua kile kibegi. Alikipeleka chumbani, kisha akarudi na kibuyu, akakitundika kwenye msumari ukutani, juu ya tangi.