Maji ya Makayabu

Juzi, sokoni Birere, hapa Goma, nilimwona mama mmoja akiloweka makayabu, samaki wa chumvi, katika beseni. Harufu ile ilinirudisha Katindo, kambi ya jeshi nilikokulia.

Baba, mwanajeshi, alikuwa vitani Masisi. Mama alitoka Moanda, kando ya bahari, na hakuwa na ndugu hata mmoja Goma. Alitamani samaki mbichi wa kwao. Sambaza, vidagaa vya ziwani, hawakumtosha. Kila alipoloweka makayabu na kubadilisha maji, niliona nyama ngumu ikilainika na kuvimba, nikaamini samaki anarudia ubichi wake. Alasiri moja nilikaa kando ya beseni, nikakataa asipikwe.

“Unangoja nini, mwana?”

“Irudie mubichi, mama. Utakula ya kwenu. Bado kidogo.”

Hakucheka. Alichovya kidole majini, akakilamba.

“Bahari yetu iko hivi,” alisema.

Leo najua maji hutoa chumvi tu, hayarudishi kitu. Siku ile nilifurahi, nikidhani nimefaulu. Kisha mama akachovya tena, na tena, akiwa amenigeuzia mgongo, nami sikuthubutu kumwita.