Rafiki yangu aliitwa mgeni mjini kwao, Beit Jala

Wakuu, salaam kutoka Erdington. Nimestaafu, sina wa kumpendeza kwa chumvi. Haya niliyaona mwenyewe.

Miaka ya sabini nilikuwa nasomea unesi hapa Birmingham. Hosteli nilikaa chumba kimoja na Salma, Mpalestina kutoka Beit Jala, mji wa mizeituni.

Kila Oktoba, msimu wa kuvuna zeituni, alikosa raha. Siku moja nikamwambia, "Dada, si uende tu kwenu ukavune?"

Swali la kijinga. Nami nilikuwa naenda kwetu Nyeri bila kuomba mtu ruhusa.

Akanieleza taratibu, nami niwaeleze hivyo hivyo. Baada ya vita vya 1967, jeshi la Israeli, lililouteka mji wao, lilihesabu watu. Salma alikuwa tayari huku, msichana wa shule. Asiyekuwepo hakuandikwa, na asiyeandikwa akapoteza haki ya kuishi kwao.

Someni tena hapo. Kazaliwa pale, mama yake yuko pale, lakini ili aingie lazima mama amwombee permit, kibali cha mgeni.

Na mji wenyewe? Ukimaliza kuvuna miti yako, unahamia kumsaidia jirani. Kwenye foleni ya kinu cha kukamulia mafuta ndiko posa hupangwa na ugomvi huisha. Jeshi likitangaza curfew, zeituni zinachacha kwenye magunia, wenyewe wamefungiwa ndani.

Mwaka mmoja, mavuno yakikaribia, mama yake akaugua. Permit ikaja: mgeni, wiki mbili.

Salma akaitupa kitandani. "Siendi. Nikiitumia, nimekubali mimi ni mgeni."

Ndani ya bahasha mlikuwa na mstari mmoja wa mama: "Njoo na viatu vya shamba."

Nikamwazima gambuti zangu. Nikamwambia, "Kwetu mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe."

Akacheka. "Mama yangu hangoji ya tatu."

Akaenda, akarudi na debe la mafuta. Kumbe miaka yote mama alikuwa akipima mafungu mawili, lake na la Salma.

Kabla ya mavuno mengine, mama akafariki. Salma akaomba permit ya mazishi. Akajibiwa kwamba maombi huletwa na mzazi au ndugu anayeishi kule.

Alikuwa mtoto wa pekee, wakuu, na baba alishafariki zamani. Wa kumwombea ndiye huyo anayezikwa.

Mpaka leo nikisikia mtu anaambiwa "rudi kwenu", damu inachemka. Muulizeni kwanza anayesema hivyo: ufunguo wa kwao huyo anao nani?

Wewe uliyewahi kuomba ruhusa ya kuingia kwenu, andika hapa chini. Nitasoma kila neno.