Daftari la Safari ya Uluguru

Mwaka ule wa 1952 mtaa mzima wa Ng'ambo, pale Tabora, ulijua kwamba Bibi Apolinaria anataka kwenda kuiona milima ya kwao kabla hajafumba macho. Wauza maziwa walijua, masista wa misheni walijua, hata Nassibu fundi cherehani, ambaye kwa kawaida habari zilimfikia zikiwa zimepoa, alijua. Asiyejua alikuwa mmoja tu, naye ni Damas Lugembe, mwana wa pekee wa huyo bibi, mtu aliyejua karibu kila kitu kingine duniani na asichokijua alikikisia kwa sauti kubwa.

Damas alikuwa mtia mafuta wa reli. Treni ikisimama stesheni, yeye alipita ubavuni mwa mabehewa na kopo lake lenye mdomo mrefu, akiinama kila penye gurudumu. Miaka kumi na tisa ameyatia mafuta magurudumu ya kwenda Kigoma, ya kwenda Mwanza, ya kwenda Dar es Salaam, na yeye mwenyewe hajapita Igalula, alikokwenda mara moja kwenye arusi akarudi na homa.

Basi mwaka ule zamu yake ya pasi ikafika. Safari moja, kwenda na kurudi, watu wawili, bure, popote reli inapofika. Wenzake walipopata pasi walikwenda Dar es Salaam kuitazama bahari, au Mwanza kula samaki mpaka wakaugua. Damas alitangaza kuwa yeye na mkewe Josepha watakwenda Morogoro, wapande mlima, waingie msituni, wakae humo, kisha warudi.

"Mkae mfanye nini?" Nassibu aliuliza, miguu ikiwa juu ya cherehani yake.

"Tupumzike. Elieza, karani wetu wa stesheni, amefika huko. Anasema watu wa idara ya misitu wamefyeka njia mpaka juu, wameweka na mabenchi na kibanda cha nyasi. Watu wanapanda, wanayatazama maporomoko ya maji, wanakula chakula chao, wanashuka."

"Hawakati mti?"

"Hawakati."

"Hawarini asali?"

"Nassibu, nimekwambia wanapumzika!"

Nassibu alicheka hadi uzi ukakatika. Na si yeye peke yake. Tabora imezungukwa na pori pande zote, na mtu akienda porini anakwenda na shoka, au na mizinga, au anamtafuta ng'ombe aliyepotea. Mtu anayepanda treni kulifuata pori jingine ili akae tu, hakuwa ameonekana bado. Lakini Damas hakuwa mtu wa kurudishwa nyuma na kicheko. Tangu utotoni alikuwa amesikia habari za msitu ule unaodondosha maji hata siku isiyo na mvua, na alitaka kuuona kwa macho yake.

Aliyemsimulia ni mama yake. Apolinaria alizaliwa huko huko Uluguru. Mzee Lugembe, mumewe, alikuwa mpagazi wa misafara siku zile za pembe na vitambaa. Alipita chini ya milima ile akielekea pwani, na aliporudi alikuja na chumvi, na shuka mbili, na binti wa miaka kumi na mitano ambaye alitembea kwa miguu yake mpaka huku Unyanyembe bila kuomba kubebewa hata kibuyu. Lugembe alimwahidi kumrudisha akawasalimie watu wake. Kila mwaka aliahidi upya. Kisha vita vya Wajerumani na Waingereza vikamchukua akabebe mizigo ya askari, hakurudi, na Apolinaria akabaki na mtoto mmoja na jembe moja. Reli ilipita karibu na mlango wake, lakini mwenye jembe moja hapandi treni. Miaka sitini ikapita tangu aondoke kwao, na bado watoto wa mtaani walimwita Bibi Mluguru.

Sasa, Wanyamwezi na Waluguru ni watani, tangu enzi za misafara hiyo hiyo. Hutukanana pasipo kununiana, hunyang'anyana vitu mchana kweupe, na aliyenyang'anywa hana budi kukikomboa kitu chake kwa zawadi, tena akiwa anacheka. Utani huo Bibi Apolinaria aliuingiza mpaka ndani ya nyumba. "Wewe ni mtani wangu niliyemzaa mwenyewe," alimwambia Damas. Waliosema si adabu mama kumtania mwanawe aliwajibu kwamba yeye ni Mluguru na mtoto kafuata kwa baba, kosa lake liko wapi?

Na utani ulimfaa kuliko watu walivyodhani. Pasi ilikuwa ya wawili, na wa pili ni mke. Apolinaria alimpenda Josepha, wala hakutaka kuwa mama mkwe anayemwinua mke wa mtu kwenye kiti chake. Kuomba hakuweza. Kutania aliweza.

Damas alinunua daftari. Kila jioni, akishanawa mafuta mikononi kwa majivu, alivuta kigoda karibu na mama yake jikoni, akailamba ncha ya penseli, akaanza.

"Haya mama. Tumeshuka stesheni. Tunaona nini?"

"Mlima."

"Halafu?"

"Mnapanda. Mtakuta mkuyu mkubwa. Penye mkuyu kuna mto, upande wa kulia. Maji yake ukiyanywa meno yanalia."

Damas aliandika: mkuyu, mto, kulia, meno. Kesho yake mto ulikuwa kushoto. Alifuta, akaandika kushoto. Siku ya tatu ulirudi kulia, na juu yake kulikuwa na jiwe ambalo juzi halikuwepo. Daftari lilijaa alama za kufutwa, nalo likanona kila siku.

"Baba Modest," Josepha alimwambia mumewe akisonga ugali, "kurasa ishirini, na bado hujui mto uko wapi. Si bora uchukue mtu anayepajua?"

"Ndiyo maana namwuliza mama," Damas alijibu, na Josepha akaupiga ugali mwiko ambao haukuustahili.

Siku nyingine bibi mwenyewe alijaribu. "Nyinyi Wanyamwezi wawili," alisema, "bila Mluguru wa kuwashika mkono, mtalala kwenye shamba la migomba mkidhani ndio msitu."

Watu wote waliokuwa uani walicheka. Damas naye alicheka, kisha akaandika: Tusilale kwenye shamba la migomba.

Mwenzangu, kuna wanaume wa namna hiyo. Si wabaya. Mpe Damas behewa lenye kilio kidogo cha chuma, atakwambia ni gurudumu la ngapi akiwa amefumba macho. Lakini mama yake alilia kwa kicheko kila jioni mbele yake, hatua moja kutoka kwenye goti lake, asisikie.

Mambo mengine yote aliyapanga barabara. Alipanga mizigo kama misafara ya baba yake ilivyopangwa: mzito mbele, mwepesi nyuma, cha kuliwa kwanza kikae juu. Michembe ya viazi vitamu vilivyokaushwa, ya kutafuna njiani, karanga, kibuyu cha asali ya kuwapelekea wenyeji, mkeka wa kukalia kama mabenchi yamejaa. Josepha alipata sufu kwa masista akafuma sweta la kijivu, maana Elieza alisema baridi ya kule haina utani na mtu yeyote. Kwa kuwa Damas alikuwa zamu, Josepha ndiye aliyekwenda kwa Elieza kuichukua pasi, akaifungia katika kopo la biskuti.

"Pasi ipo?" Damas aliuliza kila usiku kabla ya sala.

"Ipo."

"Imepigwa muhuri?"

"Imepigwa. Lala."

Siku ya safari ilikuwa Alhamisi ya mwezi wa saba. Treni ilitazamiwa saa nne asubuhi, na saa moja Damas alikwisha vaa koti, amepanga mizigo mlangoni kwa mfuatano wake, sanduku mbele, na amehesabu vyote mara mbili. Majirani walikuja kuwaaga. Nassibu alileta tangawizi. Josepha alikuwa bado na kanga ya kufulia.

"Hujavaa!" Damas alimaka.

"Nitavaa. Wewe fanya yako."

Ndipo Bibi Apolinaria alipotoka ndani, taratibu, akiwa na fimbo yake, akaenda moja kwa moja mpaka kwenye sanduku, akalikalia.

"Mzigo huu hautoki," alisema. "Mnyamwezi, komboa mzigo wako."

Uwanja mzima ulilipuka kwa vigelegele. Watu walisogea, kwa sababu utani mzuri mlangoni siku ya safari ni baraka, na safari iliyozuiwa na mtani hufika salama. Damas alicheka, akazama mfukoni, akatoa kipande cha tumbaku.

"Hii hapa, mtani. Inuka."

"Sivuti ya kwako. Inanuka mafuta ya treni."

Alimpa kanga mpya aliyokuwa ameificha ili ampe kama zawadi akirudi safari. Akaitazama, akaikunja, akaiweka pajani, hakuinuka. Damas akamnyang'anya jirani kuku aliyekuwa akipita zake, akamtoa. Kuku alikataliwa. Watu walikuwa hoi kwa kicheko. Saa mbili na nusu. Kijasho kikaanza kumtoka Damas.

"Mama, treni haitaningoja mimi. Unataka nini?"

Bibi alijiweka sawa juu ya sanduku. Na kicheko cha uwanja kikapungua kidogo kidogo, kwa maana kila mtu pale alilijua jibu na hakuna aliyetaka kulisema badala yake. Nassibu alitazama juu. Josepha alimtazama mumewe, mikono kiunoni.

Damas akainama amwinue mama yake kwa kwapa, na alipoinama akaiona miguu yake.

Bibi Apolinaria alikuwa amevaa viatu. Vile vyeusi vya kamba, alivyopewa na masista, ambavyo havikutoka chini ya kitanda ila Pasaka na Krismasi. Vilikuwa vimepakwa mafuta ya nyonyo vikang'aa, na kamba zimefungwa vifundo viwili viwili, vifundo vya mtu anayejua atatembea mbali. Na ilikuwa Alhamisi tu.

Damas alikaa palepale alipokuwa, chini, koti na vumbi. Kurasa zote za daftari zilimpitia kichwani, mkuyu, mto, jiwe, shamba la migomba, na kila jioni ya ile miezi miwili ilimrudia ikisema kitu kingine. Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Alikuwa amepanga kwenda kwao mama yake na kila kitu isipokuwa mama yake.

"Mama," alisema. "Umevaa viatu."

"Miguu yangu, viatu vyangu."

"Twende."

"Nani kakwambia nataka kwenda? Mimi nimekaa tu." Lakini mikono yake ilikuwa imeshaikamata fimbo kwa nguvu.

Damas akainuka, akakumbuka, akashika kichwa. "Josepha! Pasi! Imeandikwa majina. Itabidi nikimbie kwa Elieza, sijui kama atakubali kubadili, na muhuri..."

Josepha alikuwa ameshaingia ndani. Alirudi na kopo la biskuti, akampa pasi, na Damas akaisoma kwa mara ya kwanza, yeye aliyeulizia muhuri wake kila usiku. Mwandiko wa Elieza ulikuwa mzuri, mnene. Damas Lugembe, mtia mafuta, na mama yake mzazi, Apolinaria.

"Tangu lini?"

"Tangu siku niliyoichukua. Wiki tatu."

"Na hukuniambia?"

"Ningekwambia, angekwenda kwa sababu nimesema mimi. Nilitaka aitwe na wewe." Josepha alimvisha mkwewe lile sweta la kijivu, na mikono yake ilimfikia sawasawa kwenye vifundo vya mikono, kwa kuwa lilipimwa kwake tangu mwanzo. "Ila zamu nyingine ya pasi ni yangu, Baba Modest. Bahari. Andika kwenye daftari."

Aliandika kweli, akiwa amesimama, mbele ya mashahidi.

Walifika stesheni treni ikiwa inapiga honi ya kwanza. Damas, kwa mazoea, aliinama kuyatazama magurudumu kabla ya kupanda, na wenzake wakamzomea. Bibi alikaa dirishani, kibuyu cha asali mapajani, akampungia Josepha mkono hadi Tabora ikaisha. Igalula ikaja ikapita, na Damas akawa sasa mbali kuliko alivyowahi kufika. Akatoa daftari.

"Mama, tuhakikishe kabla hatujafika. Huu mto, ni kulia au kushoto kwa mkuyu?"

Apolinaria aliitazama miti ikirudi nyuma.

"Sijui, mwanangu," alisema, na safari hii hapakuwa na utani. "Nilikuwa mtoto. Nakumbuka baridi, na majani yanayodondosha maji. Mengine yote nilikuwa nayaongeza."

"Kurasa arobaini?"

"Ulikuwa ukirudi kazini unanipita, unasema shikamoo mama, unakwenda kulala. Miaka yote. Ulipoleta hilo daftari ukaanza kukaa na mimi. Nikaona mto ukikaa upande mmoja tu, utamaliza kuandika."

Damas alilitazama daftari, na alama zake zote za kufutwa. Macho yalimlowa, hakuyaficha. Kisha akaligeuza, akatafuta ukurasa mweupe, akailamba ncha ya penseli, akasogea kwenye benchi mpaka bega lake likagusa sweta la kijivu.

"Haya, mama. Tumeshuka stesheni. Tunaona nini?"