Jina Alilokubali Mtoto wa Rubi

Nilipokuwa bado mtoto wa shule ya msingi, kazi yangu ya kwanza kila asubuhi ya Julai ilikuwa kuvunja barafu. Haikuwa barafu ya kutisha, ni utandu mwembamba tu juu ya birika la farasi, lakini farasi hawapendi kuuvunja wenyewe, na Baba alisema farasi asiyekunywa maji wakati wa baridi huishia kuumwa tumbo. Niliupasua kwa mpini wa nyundo, nikaokota vipande kwa mkono na kuvitupa nyasini. Vidole vilikufa ganzi kabla sijamaliza. Halafu nilikwenda kumvua Rubi blanketi lake la usiku, nikachokoa matope kwenye kwato zake, nikasukuma wilbaro ya samadi hadi nyuma ya banda. Jamaa zetu wa Bungoma walipoambiwa tunaishi Sydney waliwaza maghorofa na bahari. Sisi tuliishi nyuma ya maghala ya Smithfield, kwenye ekari chache za kukodi, na bahari niliiona kwa nadra kama wao.

Baba alikuwa saisi. Alijifunza kutunza farasi Nairobi, kwenye mazizi ya farasi wa mbio, na ni ujuzi huo uliomleta Australia. Tulitunza farasi wa watu wa mjini, wale walio na farasi lakini hawana pa kumweka. Wa kwetu alikuwa mmoja tu, Rubi, farasi jike mwenye mguu mbovu ambaye Baba alimchukua kwa sababu hakuna mwingine aliyemtaka. Mwaka ninaousimulia, Rubi alikuwa na mimba. Mama naye alikuwa nayo.

Mama alijifungua kwanza, baridi ilipoanza. Mtoto alikuwa wa kiume, ndugu yangu wa pekee, na Mama alimpa jina la marehemu babake, Simiyu. Aliishi siku chache hospitalini, hakuletwa nyumbani. Nilimwona mara moja kupitia kioo, na nilichokumbuka zaidi baadaye ni kofia yake, kwa kuwa ilikuwa kubwa mno.

Kukhu, ndivyo sisi Wabukusu tunavyomwita nyanya, alikuwa ameshapata visa na tiketi ya kuja kumlea mjukuu. Mama yake Baba huyo. Alifika baada ya maziko. Alishuka na sanduku lenye leso mpya na unga wa wimbi wa kupika uji wa mzazi, akakuta mzazi yupo na mtoto hayupo. Visa ilikuwa ya miezi kadhaa, kwa hiyo alibaki. Alikaa karibu na hita siku nzima akiwa amevaa koti la kazi la Baba, soksi mbili mbili ndani ya sandali, akilalamika kwamba nchi hii farasi wanavalishwa mablanketi huku watu wakiganda. Farasi wenyewe aliwaogopa. Bandani hakuwahi kutia mguu.

Nyumba ilikuwa kimya. Si kwamba tulikuwa tunalia na kunyamazishana, hapana, hakuna aliyelia. Mama alilala au aliketi kitandani akitazama dirisha. Baba alifanya kazi yake na ya mtu wa pili. Mimi nilijua kwamba nimefiwa, kama unavyojua jibu la hesabu, na nikiwa peke yangu bandani nilijaribu kujiliza. Halikutoka chozi. Nilirudi kwenye barafu yangu, na ninakiri niliipenda, kwa sababu mikono ikishakufa ganzi huna haja ya kujiuliza unahisi nini.

Siku moja mezani niliuliza Simiyu angelala chumba gani. Kukhu alinyoosha mkono akaniziba mdomo.

"Hilo usiliite," alisema. "Mtoto mchanga ukimwita, hurudi kumtafuta mamake. Akimpata, anamchukua."

Mpaka leo sijamsikia Mbukusu mwingine akisema hivyo. Huenda ni imani ya ukoo wao, au ya kijiji chao, au ni ya Kukhu mwenyewe na huzuni yake. Lakini nilikuwa mtoto, nikaamini neno kwa neno, na tangu siku hiyo jina lile lilikuwa kwangu kitu kinachoweza kumuua Mama. Baba hakubisha. Nadhani ilimrahisishia. Sote tulipata ruhusa ya kunyamaza.

Rubi alizaa mwishoni mwa Julai, alfajiri, bila kumsumbua mtu. Nilipotoka na nyundo yangu nilikuta taa ya banda inawaka na Baba amepiga magoti kwenye majani makavu, akimsugua mtoto wa farasi kwa gunia. Mtoto alikuwa wa kahawia, dume, miguu mirefu isiyo na adabu, amesimama. Nilidhani mambo ni mazuri mpaka nilipomwona Baba usoni.

Mtoto wa farasi anapaswa kunyonya katika saa zake za kwanza. Yale maziwa mazito ya mwanzo, dang'a, ndiyo yanayompa kinga, na asipoyapata mapema hayamfai tena. Ataonekana mzima leo, kesho ataanguka. Huyu alisimama kitambo, lakini kila Baba alipomsukuma kwa Rubi aligeuka akaenda ukutani, akaanza kulamba mbao.

"Dad, he's sucking the wall," nilisema. Wakati huo Kiswahili nilikielewa chote na nilikijibu kwa Kiingereza, kama watoto wote wa huku.

"Naona."

"Is the vet coming?"

"Vet yuko Camden, ana emergency. Amesema before lunch." Baba alipangusa mikono kwenye suruali. "Before lunch ni mbali sana kwa huyu."

Alimkamua Rubi kwenye kikombe, akatia maziwa kwenye chupa, akamshika mtoto kichwa. Maziwa yaliingia na kutoka kwenye pembe ya mdomo, yakadondoka. Alijaribu tena na tena. Mtoto hakupigana naye hata kidogo. Angepigana ingekuwa afadhali. Alisimama tu macho wazi, na mimi nilimtambua, kwa maana hali ile ilikuwa ndiyo hali yetu ndani ya nyumba.

Kukhu alikuja na chai. Alipoona hakuna aliyekuja kuichukua alisogea mpaka kwenye mlango wa banda, ule uliokatwa nusu, akachungulia juu yake.

"Ana nini?"

"Hataki kunyonya, Mama."

"Amepewa jina?"

"Mama, huyu ni farasi."

"Barasa, nimeuliza kama amepewa jina."

Kwetu, mtoto mchanga akilia bila kunyamaza au akikataa titi, husemwa kwamba kuna marehemu anayetaka aitwe kupitia kwake. Wazee humtajia majina ya waliotangulia, moja baada ya jingine. Likitajwa lile lenyewe, ananyamaza, ananyonya, na jina ni lake. Mimi naambiwa nilisumbua nyumba nzima mpaka lilipotajwa jina la Nekesa, nyanyake Baba. Kwa hiyo niliona swali la Kukhu ni la maana kabisa. Baba hakuliona hivyo.

"Jina la mtu halipewi mnyama," alisema. "Hata wewe unajua."

"Ninajua. Una njia nyingine?"

Baba aliiweka chupa chini, akamshika mtoto tena. Kukhu alinikabidhi chai, akashikilia mlango kwa mikono miwili, akaanza. Hakuwa na sauti ya tambiko. Aliita kama mtu anayetafuta mwenye mzigo kituoni.

"Wewe ni Khaemba? Kama ni wewe, nyonya." Alingoja. "Ni Wanjala? Wanjala, baridi hii umeijia nini? Haya, nyonya."

Aliwapitia wote, babu na wajomba na binamu ambao sikuwajua, mwingine akimtaja pamoja na kijembe kidogo, kwamba huyu alikuwa mvivu hata enzi zake. Baba alikuwa anamwelekeza mtoto kwa Rubi kwa kila jina. Mtoto alirudi ukutani kwa kila jina. Mwishowe Kukhu aliishiwa.

"Ya kwetu yamekwisha," alisema.

Ndipo nilipomwona Mama nyuma yake. Alikuwa amevaa gauni la kulalia na gambuti za Baba. Kukhu alikuwa amemfunga kifua kwa leso ili maziwa yamkauke, na leso ile ilikuwa imelowa. Hakuwa ametoka nje ya nyumba tangu maziko. Alifungua mlango akaingia, hakutusalimu, akapiga magoti kwenye majani, akamkamua Rubi kidogo kwenye vidole vyake, kisha akamtia mtoto kidole mdomoni.

"Mama Nekesa," Kukhu aliita taratibu. "Na ya kwenu?"

"Mukhwana," Mama alisema. "Wanyonyi. Kundu." Alikuwa anazungumza na mtoto wa farasi na wala si nasi. Alitaja kaka zake waliokufa, akataja ami zake. Kila mtu bandani alijua ni nani hajatajwa. Mzee wa kwanza kutajwa angekuwa babake, na babake tulikuwa tumemfungia kimya pamoja na mtoto.

"Basi," Kukhu alisema. "Inatosha, mwanangu. Tungoje daktari."

"Simiyu," Mama alisema.

"Hilo hapana."

Mikono yangu ilikuwa kwenye kikombe cha chai na chai ilikuwa moto, ila sikuisikia. Nilitazama mlango. Kwa kweli nilingoja mtu aingie amchukue. Baba aliinuka, akasimama kati ya Mama na mlango, nami nikajua kwamba hata yeye anaogopa. Mtu mzima wa kanisa, saisi wa miaka mingi.

"Simiyu," Mama alisema mara ya pili, na sasa ilikuwa sauti ile ya kuniamsha mimi niende shule. "Simiyu, nyonya. Unanisikia? Nyonya."

Ulimi wa mtoto ulikizunguka kidole. Mama hakushtuka. Alirudi nyuma polepole kwa magoti, akimvuta kwa kidole hicho hicho, mpaka chini ya Rubi, akachomoa kidole na kumwachia titi. Kwanza hapakuwa na sauti. Kisha nikasikia anameza.

Nilipogeuka Kukhu hakuwepo.

Daktari alipofika alimkagua mtoto, akasema, "Good strong suck," yaani ananyonya kwa nguvu, akauliza kama ana jina. Baba aliangalia viatu vyake. Mama alimjibu yeye mwenyewe, akalitamka polepole ili mgeni alishike, na daktari alilirudia vizuri tu bila kujua alichokishika.

Nimekuwa mtu mzima na nimeuliza. Naambiwa wako watoto wa farasi wanaozaliwa kama hawajaamka, na saa zikipita wengine huamka wenyewe, na kwamba kidole chenye maziwa ni mbinu inayojulikana. Mama alikuwa mzazi, alikijua kinywa cha mtoto. Sina ubishi na hayo. Lakini kidole kilikuwa mdomoni wakati wa Mukhwana, na wakati wa Wanyonyi, na wakati wa Kundu. Hapo naishia.

Kukhu hakuzungumzia asubuhi ile. Mtoto wa farasi alimwita "yule" mpaka alipopanda ndege kurudi Bungoma. Mimi nilimlinda Mama. Kwa majuma mengi niliamka mapema kuhakikisha Mama anapumua, na mara nyingi sikumkuta kitandani. Alikuwa bandani. Kabla ya barafu yangu, kabla ya Baba, alikuwa kule akimsugua Simiyu mgongo na kumsimulia mambo ya Bungoma. Onyo la Kukhu lilitimia, ukitaka kulitazama hivyo. Aliitwa, akarudi, akamtafuta mamake na akamchukua. Alimtoa kwenye kile kitanda.

Mimi ilinichukua muda zaidi. Ningependa kusema kwamba nililia siku ile, ila sikulia, na wala sikulitaja jina. Nilimwita farasi "mate", lile neno la Kiingereza la rafiki, kama Mwaustralia. Alikua mtundu. Alijifunza kufungua komeo la lango kwa midomo, alikula sukuma wiki ya Mama juu ya ua, alitafuna kitambulisho cha Baba cha kazi. Asubuhi moja nilikuwa nimeinama nasafisha kwato za Rubi akanijia nyuma, akaiuma sweta yangu ya shule na kuivuta mpaka ikachanika begani.

"Simiyu, toka," nilimfokea. "Simiyu, we ni mjinga?"

Kwa Kiswahili. Mama alikuwa kwenye kamba ya nguo, akageuka. Nilisimama pale na kile chombo cha kwato mkononi nikingoja kuzibwa mdomo.

"Mchape kidogo," Mama alisema. "Huyo hasikii."

Akaendelea kuanika nguo. Nami nikamchapa kidogo, akaruka mateke mpaka mwisho wa shamba, na jioni alinichania sweta nyingine.

Maghala yameshalifikia shamba lile, nasi tulihama na farasi wetu. Ninafanya kazi ofisini Seven Hills sasa, na watu wakiniuliza kama nina ndugu nasema nilikuwa na mmoja, Simiyu, aliishi siku chache. Wananipa pole kwa sauti ndogo, wanadhani jina hilo nalitunza nimelifunga kwenye kitambaa. Hawajui nimelipigia kelele ngapi. Mtoto anayekufa mchanga hakuna anayemfokea, hakuna anayemwita akaitika kwa kuchelewa, hakuna anayechoka naye. Huyu mimi nilimwita asubuhi na jioni, mvua na barafu, miaka mingi, nikalichoka jina lake kabisa, jinsi dada yeyote anavyolichoka jina la mdogo wake.