Kaburi la Mke wa Rogath

Rogath alikuwa mtu wa kujifungia. Kihamba chake, shamba la nyumbani, kilikuwa juu ya barabara ya kanisani, migomba imesongamana hata paa hulioni. Ukipita unasikia taipureta tu. Alikuwa karani wa mashamba ya mkonge Tanga, na aliporudi akaanza kuandika katika gazeti la dini kwa jina la Mgane wa Mlimani. Kila toleo alimwomboleza mkewe: alivyomenya ndizi, alivyoimba akichota maji mferejini, alivyofumba macho. Mwaka ule wa themanini na mbili sukari iliadimika, sabuni iliadimika, lakini machozi ya akina mama wa jumuiya yetu yalipatikana bila foleni. Mimi mwenyewe nilimsalia marehemu novena.

Salvina, binti wa katekista, hakuishia kulia. Alikuwa na miaka arobaini, na wanaume aliowakataa wangejaza benchi zima la kanisani. Huyu akamkubali.

"Mtu anayemlilia mke namna hii," aliniambia, "mimi ninayepumua si atanitunza zaidi?"

Ila padre alisema hatatangaza ndoa mpaka ajue kwa hakika kwamba mke wa kwanza amefariki. Rogath akasema cheti kiliungua. Hapo maneno yakaanza.

"Kwetu mtu hata akifia Tanga analetwa alale kihambani," alisema Mektrida, ambaye ulimi wake haukuwahi kufunga siku ya mfungo. "Mimi nakata majani ya ng'ombe kwenye kihamba kile. Kaburi liko wapi? Au mwenzetu yuko hai huko Tanga, anakunywa chai?"

"Mektrida, usimtukane marehemu," nikamwonya.

"Simtukani, mama. Namtafuta."

Basi siku ya Marehemu Wote tukaenda na majembe na maua kulisafisha kaburi, kama ilivyo ada. Salvina alitangulia. Alijua kaburi lisipoonekana, ndoa hakuna. Rogath alipotuona alisimama mlangoni kama mtu aliyesahau jina lake. Kisha akatuongoza nyuma ya zizi, kwenye tuta lililozungushiwa masale, mimea tunayopanda mipakani.

"Ni hapa," akasema taratibu.

Tukapalilia. Tukasali rozari nzima, matendo ya uchungu. Mektrida alilia kuliko wote, kwa kujutia maneno yake.

Tulipomaliza, mzee Efraimu wa kihamba cha jirani akachungulia juu ya ua.

"Shikamoo, meku," tukamwamkia.

"Marahaba, wanangu. Mnamwombea nani?"

"Mke wa Rogath."

"Hapo?" Akatutazama kwa huruma. "Hapo ni ng'ombe. Alikufa kwa kimeta, bwana mifugo akakataza asiliwe. Mimi na Rogath tulimfukia. Alikuwa ng'ombe mzuri, lakini rozari nzima mmemzidishia."

Mektrida akaficha uso ndani ya kanga, na mabega yakawa yanamtikisika. Salvina akaweka maua chini.

"Rogath, mkeo yuko hai?"

"Hapana."

"Amekufa?"

"Hajafa."

"Basi yuko wapi?"

"Kwenye taipureta." Akainamisha kichwa. "Sijawahi kuoa, Salvina. Niliandika mara moja kwa upweke, watu wakalia, mhariri akaomba nyingine. Ningemfufua vipi?"

Akakata jani la isale palepale, akalifunga fundo, akampa kwa mikono miwili. Kwetu ukiletewa isale hukatai kusamehe. Salvina akalipokea.

"Nimekusamehe," akasema. "Kuolewa ni jambo lingine. Waambie na wale waliomlilia."

Rogath akaandika ukweli wote, akapeleka gazetini. Mhariri akaurudisha: wasomaji wangeumia bure, na je, asingeweza kuleta kitu kuhusu mazishi? Ikabidi ausome mwenyewe kanisani baada ya misa. Alisoma vizuri, Mungu anisamehe, hata tukalia tena.

"Sasa hii nayo tuiamini?" Mektrida akaninong'oneza.

Nikamtazama Salvina. Hakuwa akilia. Alimsikiliza mpaka neno la mwisho, kisha akainuka, akaenda kwa padre na kumwambia aanze kutangaza. Padre akatangaza ndoa ya Rogath, kijana asiyewahi kuoa, na kanisa zima likageuka kumtazama kijana mwenyewe, mvi tupu.

Baada ya harusi alijaribu kuandika juu ya mke aliye hai. Salvina akausoma ukurasa wa kwanza akiwa amesimama jikoni.

"Mimi siimbi mferejini," akasema, akamrudishia. "Andika upya."