Alichosema Manyanda Mbele ya Kamera

Theopista ni Mpimbwe, mwalimu wa darasa la saba huku Mwamkulu, na ukimsikia akifoka utadhani anauza samaki sokoni. Darasani kwake kuna Wasukuma, Wakonongo, Wafipa na Warundi waliozaliwa hapahapa. Wakigombana, kila mmoja hutukana kwa kilugha cha kwao, na yeye huwaadhibu wote kwa kuwa hajui nani katukana nini.

Mwaka jana walikuja vijana wa sinema. Walitaka mwalimu, wanafunzi na wazazi waigize maisha yao wenyewe. Mwanafunzi wake aitwaye Sikujua, binti wa mfugaji Manyanda, ndiye aliyepewa nafasi kubwa. Kisa kilikuwa hiki: baba anahama na ng'ombe, mwalimu anamwombea mtoto abaki amalize shule. Manyanda alisimama mbele ya kamera, fimbo begani, akatamka: "Mwalimu, huyu nimekuachia. Asome."

Siku ya kuionyesha, kijiji kizima kilipiga makofi. Manyanda alikaa mbele kabisa, anacheka kama bwana harusi. Theopista alilia kwa furaha bila kuona aibu. Kesho yake akanunua godoro, akasafisha chumba cha uani. Kwa akili yake, mzee akishasema mbele ya umati, ameshatoa neno.

Mwezi wa saba majani yakakauka. Jirani akampigia simu kwamba Manyanda anahamia Ugalla na familia yote, na mtihani umebaki miezi miwili tu. Theopista akapanda bodaboda, akawakuta wanafunga vyombo.

"Baba Sikujua, si ulisema utaniachia? Watu wote walikusikia!"

Manyanda alishangaa kwelikweli. "Mwalimu, ile si sinema? Wale vijana ndio walinipa maneno ya kusema. Huyu ndiye mkubwa, na mama yake anaumwa. Wachungaji watapikiwa na nani?"

Hakuwa mkorofi. Hilo ndilo lililomuuma Theopista. Angekuwa mkorofi angemtukana, roho ikatulia. Alibembeleza, hata akapiga magoti, mwalimu mzima. Manyanda akamwinua kwa heshima, akaendelea kukaza kamba.

Sikujua alimsindikiza hadi kwenye pikipiki. Theopista, machozi yanamtoka, akasema anailaani siku wale vijana walipofika.

"Usiilaani, mwalimu," mtoto akamwambia. "Mimi siku ile nilikuwa nakosea makusudi, ili warudie. Nilitaka baba aseme tena."