Mzee Aliyesema Haiumi

Kuna siku moja, mwanangu, ambayo hunirudia kila nikisikia mtu anaenda kupasuliwa.

Nilikuwa mke mchanga, tunaishi mtaa wa West Indies hapa Eldoret, bwanangu akifundisha shule ya msingi. Baba yake alikuwa mkulima kule Chepsaita, mzee mrefu, mpole. Aliniita Mama tu, hata kabla sijazaa, nami niliyetoka kwa Wakikuyu nikajiona nimefika nyumbani. Basi utumbo wake ukajisokota, akaletwa hospitalini kwa pikapu ya jirani, akapasuliwa upesi. Dawa ya usingizi ilimchukua vizuri, kisu hakukisikia. Shida ilianza alipoamka.

Mimi ndiye niliyekaa naye mchana. Alilala chali, amekakamaa, macho kwenye dari, anavuta pumzi fupi fupi kama mtu anayeiba hewa. Sista wa wodi akamwuliza, "Mzee, unasikia maumivu?"

"Hapana. Haiumi."

"Basi keti kidogo, ukohoe. Usipovuta pumzi vizuri kifua kitajaa."

Alijaribu kuinuka, jasho likamtoka, akarudi chini. Akasema atakohoa kesho. Sindano ya kutuliza maumivu akaikataa.

Kesho yake alikuwa na homa, kifua kinakoroma. Niliogopa, mwanangu. Nilijua anaumia, lakini mke wa mwanawe angemwambiaje? Kwao Wakalenjin, kijana alisimama mbele ya kisu cha jando bila kupepesa jicho, na baada ya hapo hakulalamika tena maishani.

Mchana huo akaja Mzee arap Sang, rafiki yake aliyetahiriwa pamoja naye. Akavua kofia, akaketi pembeni ya kitanda, akamtazama kwa muda. Waliongea Kikalenjin, na mimi nilikuwa nimeshakijua.

"Arap Kosgei," akamwambia baba mkwe, "nani anakutazama hapa?"

"Hakuna mtu."

"Siku ile tulisimama kwa sababu watu wote walikuwa wanatutazama. Hiyo tulimaliza. Hapa unamwonyesha nani? Huyu mtoto wa watu anajificha akilia. Mimi nilipovunjika mguu kule Moi's Bridge nilipiga kelele mpaka ng'ombe wakatoroka. Sasa mimi si mwanamume?"

Baba mkwe akaanza kucheka. Kicheko kikamkata tumboni, machozi yakamtiririka hadi masikioni, na hakuyafuta. Akanigeukia.

"Mama, waambie inauma. Inauma sana."

Nilikimbia kumwita sista. Sindano ikaingia, na polepole nikaona paji la uso likilegea. Jioni tulimketisha, mimi mgongoni, Mzee arap Sang begani. Akakumbatia mto juu ya kidonda, akakohoa. Homa ilichukua muda kutoka, lakini ilitoka. Alirudi shambani kwake, na mtoto wangu wa kwanza alijifunza kutembea akishika kidole chake.

Nakuambia haya kwa sababu kesho ni wewe unaingia theata kupasuliwa, na tangu asubuhi unacheka kuliko ulivyozoea. Siku hizi madaktari wanaeleza wazi kwamba maumivu yakitulizwa mapema, mgonjwa anapumua vizuri na anainuka haraka. Dawa nazo zimeongezeka, hata za kutia ganzi sehemu moja tu ya mwili. Lakini daktari hawezi kuingia ndani yako asikie unachosikia. Atakayekulaza usingizi akikuuliza, mweleze ulichokula na dawa unazomeza, usimfiche kitu. Ukiamka na kunauma, sema kunauma, sema wapi. Sindano ya kwanza isipotosha, sema tena. Na siku ukikaa wewe kando ya kitanda cha mtu anayejibu "haiumi", usiende zako. Mtazame uso, umwulize tena kwa upole.

Mungu akulaze salama na akuamshe salama. Mikono itakayokugusa iwe myepesi, na ukiita, asikose mtu wa kukuitikia.